Ofseti ya Gari la Nassor

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua inavyosikika, na mama yangu mpaka leo huwaambia watu kanisani kwamba niko likizo. Lakini daktari alikishika kifundo cha mkono wangu wa kulia, akakikunja huku na huku, akaniuliza nimeshika mashine ya kufungulia nati kwa miaka mingapi. Nikamwambia tisa. Akasema imetosha. Mtu akiambiwa kazi aliyoizoea hatairudia tena, huyo amestaafu, awe na mvi au asiwe nazo, na kama wastaafu wote mimi nina malalamiko.

Nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki pale uani Timbwani, Likoni, kwa sababu mtapokea magari yaleyale na maswali yaleyale. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Hayo hayatawasaidia kufunga rimu. Nitaeleza kuhusu kuchagua rimu za gari la kasi, saizi yake na ofseti yake, jambo ambalo lingechukua dakika kumi kama watu wangekuwa wanasikiliza. Na nitaeleza jinsi nilivyokaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa.

Nilifika nikiwa na digrii ya uhandisi wa mitambo ndani ya bahasha ya kaki. Bwana Twalib, mwenye duka, ambaye babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza misumari na rangi, naye akaingia kwenye matairi, aliifungua ile bahasha, akaisoma karatasi mpaka chini, akanirudishia.

“Nzuri sana, Bi Kadzo,” akasema. “Iweke mbali na grisi.”

Kisha akanipeleka nyuma kwa Fundi Mbwana. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa Jomvu Kuu aliyeoa Timbwani na kuhamia huko, nyumba yake ikiwa mtaa wa pili tu kutoka uani. Alikuwa akifunga magurudumu pale tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta amepiga goti mbele ya gari, kofia imesukumwa nyuma, akizigusa nati kwa ncha za vidole kama mtu anayempima mtoto homa.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Wajua kuvua tairi?”

“Najua nadharia yake.”

“Haya, itie upepo hiyo nadharia tuone,” akasema, akanisukumia tairi.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimevunja kucha mbili. Nilikuwa nimejifunza pia kwamba nati huanzwa kwa mkono, si kwa mashine, kwa sababu mkono husikia uzi wa nati ukipishana na mashine haisikii chochote. Kwamba hufungwa kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, ili rimu ikae sawa juu ya habu, kile kitovu cha chuma kinacholibeba gurudumu. Na kwamba mteja atasimama nyuma ya mgongo wako akitoa ushauri, hata kama kazi yake yeye ni kuuza viatu.

Mwaka huo wa kwanza ndio nilioanza kuchoka, na si matairi yaliyonichosha. Vijana wa pwani walikuwa wamepata wazimu wa magari ya Kijapani yenye turbo, na kila aliyenunua gari la namna hiyo aliona rimu zilizokuja nalo ni aibu ya ukoo. Alikuja na picha kwenye simu, gari lililopigwa picha kwenye nchi ya baridi, kwenye lami iliyonyooka kama meza, na akataka la kwake liwe hivyo kabla ya Ijumaa.

“Nataka zitoke nje,” mmoja aliniambia.

“Zitoke kiasi gani?”

“Zitoke mtu akiona ajue.”

“Ajue nini?”

“Ajue zimetoka.”

Basi niwaeleze nilichomweleza, ingawa yeye alikuwa akijipiga picha. Kila rimu ina namba zake nyuma: kimo, upana, mpangilio wa matundu ya nati, na ofseti. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokalia habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani, upande wa springi. Ikiwa ndogo, linatoka nje, upande wa madigadi. Hakuna siri nyingine. Nimeitamka sentensi hiyo mara nyingi kuliko Baba Yetu, na kwa matokeo machache zaidi.

Sasa chukua gari lenye rimu ya inchi saba na nusu upana, ofseti arobaini na nane. Mwenyewe anataka inchi tisa, ofseti thelathini na tano. Upana umezidi inchi moja na nusu, na nyongeza hiyo inagawanyika, milimita kumi na tisa ndani na kumi na tisa nje. Ofseti imepungua kwa kumi na tatu, kwa hiyo gurudumu zima linasogea nje kumi na tatu. Jumla, ukingo wa nje umetoka thelathini na mbili, na wa ndani umeingia sita tu. Ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini nimewaona watu wazima wenye biashara zao wakinunua rimu nne kwanza, wakizibeba mpaka Likoni, ndipo wanapouliza kama zitaingia. Mmoja aliniletea zenye mpangilio wa matundu tofauti kabisa na wa habu yake. Nilipomwonyesha kwamba hata nati moja haishiki vizuri, akaniambia niongeze nguvu.

Ofseti ikishuka mno, si madigadi tu inayoumia. Stelingi huanza kuvuta kila ukigusa shimo, na beringi huliwa mapema kwa sababu mzigo umekwenda mbali nayo. Rimu ikikua kimo, ubavu wa tairi lazima upungue, la sivyo gurudumu lote linakuwa refu na kipimo cha mwendo kinaanza kusema uongo. Na tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, tia pete ya kulijaza. Mteja atakwambia binamu yake hakutia pete na gari halikutetemeka. Muulize binamu yuko wapi siku hizi na anasafiri na nini.

Hayo yote nilikuwa nayajua kwa karatasi. Fundi Mbwana hakuwa na karatasi. Alikuwa na timazi, rula ya chuma iliyofutika namba mwanzoni, na unga.

Unga wa chapati, namaanisha, uliokandwa. Mkewe alimpa donge kila asubuhi ndani ya kibakuli chenye kifuniko. Gari la rimu mpya likija, Fundi Mbwana alibandika vinyunya vya unga huo ndani ya upinde wa madigadi, kimoja juu, kimoja nyuma, kimoja pale kona ya bampa inaposhikana na bodi. Kisha alifunga gurudumu, akawaketisha watu wawili wazito kwenye viti vya mbele, akapandisha gurudumu la upande mmoja juu ya kigogo cha mbao, na stelingi ikakatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Baadaye alivua gurudumu na kuutazama unga. Ukiwa mnene, mteja alikwenda zake. Ukiwa umebonyea ukawa kama karatasi, rimu zilirudi zilikotoka, na mteja alitukana. Majirani walizoea kupita wakimuuliza, “Fundi, leo wapika au wafunga?” naye akijibu kwamba chai yao ndiyo imekosekana.

Nilimuuliza kwa nini anafanya vile.

“Ndivyo alivyonifunda aliyenifunda.”

“Naye alikwambia sababu?”

“La.”

“Na wewe hukumuuliza?”

“Nilikuwa na kazi,” akasema.

Jibu hilo lilinikera kwa muda wa mwaka mzima. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nyumbani nilimuuliza mchungaji maswali mpaka akaacha kututembelea. Chuoni nilimuuliza mhadhiri chanzo cha fomula yake, akanipa alama ndogo na hakunipa chanzo. Na hapa palikuwa na mtu mwenye uzoefu kuliko wote uani, anatumia dakika arobaini na donge la chapati kwa kila gari, na hawezi kuniambia kwa nini. Nikaamua kwamba haina sababu. Nilichanganya mambo mawili: mtu kutojua kueleza sababu, na sababu kutokuwepo. Sikujua kama nimeyachanganya. Nilidhani ninafikiri.

Nikatengeneza jedwali. Nilipima magari kwa majuma kadhaa, yakiwa yamesimama uani, nikapima nafasi ya ndani na ya nje, stelingi ikiwa imenyooka na ikiwa imekatwa, nikaandika kwa kila aina ya gari upana wa juu kabisa na ofseti ya chini kabisa. Nikaliweka ndani ya karatasi ngumu inayong'aa, nikalining'iniza juu ya mashine ya kubalansi. Kuanzia hapo mteja akija, mimi nilisoma jedwali, nikaandika ofseti kwenye kadi ya kazi, Fundi Mbwana akafunga kama kadi inavyosema. Dakika arobaini zikawa kumi. Bwana Twalib alilitazama jedwali lile kama mtu aliyepata mjukuu.

Fundi Mbwana alinung'unika kidogo. Kwa muda kibakuli kiliendelea kuja, kisha siku moja hakikuja. Sikumuuliza kwa nini. Nilijiambia ameshindwa kwa hoja, nikaona fahari, na fahari hiyo nimeibeba kama mzigo tangu wakati huo.

Gari la kwanza kurudi lilikuwa jeupe, limeshushwa springi likae karibu na ardhi, likiwa na mkwaruzo kwenye bega la tairi la mbele kushoto, pale ubavu unapokutana na uso unaokanyaga barabara. Mwenyewe alisema aliusikia mlio alipokuwa akipanda feri. Nikamwambia ni mlango wa feri, umepinda. La pili, pia limeshushwa, mkwaruzo palepale, mlio palepale. Nikamwambia ni feri. Watu wa Likoni huilaumu feri kwa kila kitu, kuchelewa kazini, mafua, ndoa kuvunjika, kwa hivyo hakuna aliyenibishia. Mimi niliyemkosesha mchungaji raha nililikubali jibu hilo bila swali hata moja, kwa sababu lilikuwa linanilinda.

La tatu lilikuwa la Nassor.

Nassor alikuwa muuza mapazia wa Kisauni, kijana mpole isipokuwa katika suala la gari lake, la buluu, la turbo, ambalo aliliosha kila siku kabla ya alasiri. Yeye naye alilishusha. Alitaka inchi kumi na nane kimo, tisa upana, ofseti thelathini na tano kama kwenye picha. Nilisoma jedwali langu, nikamkatalia thelathini na tano, nikamwandikia thelathini na nane. Nilijiona mwangalifu sana.

Majuma mawili baadaye alirudi kwa gari la rafiki yake, akaingia dukani na tairi begani, akaliweka juu ya kaunta ya Bwana Twalib. Bega la tairi lilikuwa limekatwa kama kwa kisu, nyuzi za ndani zinaonekana.

“Nilikuwa na mke wangu ndani,” Nassor alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. “Ana mimba ya miezi saba. Tumeshuka kwenye feri, tumepanda kilima upande wa pili, tairi limeisha upepo na gari likanivuta upande wa watu waliokuwa wakitembea kando. Mungu tu. Nani aliyelifunga gurudumu hili?”

Nilifungua mdomo.

“Mimi,” akasema Fundi Mbwana.

Alisema bila kunitazama. Nilifunga mdomo, na hilo nalo naliandika hapa ili mlijue.

Jioni ile Bwana Twalib aliniita ofisini. Fundi Mbwana alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka uliotangulia, na Bwana Twalib, ambaye si mtu mbaya, alikuwa amekwisha kuunganisha mambo mwenyewe. “Magari matatu, Bi Kadzo. Mzee haoni tena. Rimu haikai sawa, nati hazikazwi sawa, na sisi tunaisingizia feri. Jumamosi nitamwambia apumzike. Nitamfanyia heshima yake, lakini lazima apumzike.”

“Amesema anataka kupumzika?”

“Nani husema?”

Nilijua Fundi Mbwana alivyosema, kwa sababu aliniambia mimi. Alisema mtu wa kazi akikaa nyumbani huanza kumsahihisha mkewe anavyofagia, na hapo ndipo hufa, ama kwa maradhi ama kwa mkono wa mke. Aliyasema kama mzaha. Lakini nilimwona siku alizokuwa na bandeji ya jicho, akija uani asubuhi bila kazi, akiketi juu ya tairi la lori, akisikiliza mashine tu.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku moja. Nilichukua timazi na rula nikaenda kwenye gari la Nassor, lililokuwa limevutwa mpaka uani, na nikalikagua gurudumu la kulia ambalo halikuguswa. Nati zilikuwa zimekazwa kwa nguvu moja. Rimu imekaa juu ya habu bila unywele wa nafasi. Kazi safi. Nilipima nafasi ya kando, ya ndani na ya nje, nikapata ileile iliyokuwa kwenye jedwali langu. Kila kitu kilikuwa sawa, na tairi lilikuwa limekatwa. Niliketi chini kwenye vumbi la breki, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza mtu niliyemwamini kuliko wote. Nikajiuliza mimi: jedwali hili nililipima gari likiwa linafanya nini?

Lilikuwa limesimama. Tupu. Juu ya sakafu ya saruji.

Ijumaa baada ya sala nilimwomba Nassor atuazime gari lake, na nikamwomba Bwana Twalib aingie kiti cha mbele. Yeye peke yake alitosha kuwa watu wawili wazito. Kabla ya kuondoka nilimfuata Fundi Mbwana.

“Fundi, nakuomba unga.”

“Leo wautaka?”

“Leo nautaka.”

Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kibakuli, akabandika vile vinyunya vitatu mahali pake. Tulitia tairi jingine, tukaingia wanne, Nassor akaendesha, sisi wawili tukakaa nyuma. Kutoka uani mpaka foleni ya feri hakukuwa na mlio. Tukashuka mteremko. Pale mbele, kabla hujaingia chomboni, pana ule mlango wa chuma ulioshushwa, na gurudumu la mbele hupanda ukingo wake huku gari zima likilalia pua. Na papo hapo mfanyakazi wa feri hukupungia mkono uende kushoto. Kwa hivyo gurudumu linasukumwa juu, limebeba uzito wote, na wakati huohuo stelingi imekatwa. Ndiyo hali ambayo unga wa Fundi Mbwana ulikuwa ukiipima miaka yote hiyo, kwa kigogo cha mbao, bila yeye kulitaja neno feri.

Tulisikia mlio. Mfupi, mkavu, chini ya miguu ya Bwana Twalib, ambaye aliinyanyua.

Upande wa pili hatukusimama kuzungumza. Tulirudi na safari iliyofuata, na uani nilivua gurudumu mbele yao wote. Kinyunya cha juu kilikuwa kimebonyea lakini kipo. Cha nyuma kipo. Cha kona ya bampa kilikuwa kimekatwa vipande viwili, na kipande kimoja kilikuwa kimekandamizwa kwenye tairi kama muhuri.

“Kwa hiyo gurudumu limekaa upande,” Bwana Twalib alisema.

“Limekaa sawasawa. Shika mwenyewe. Namba ndiyo mbaya.”

Nilimpa kadi ya kazi. Alivaa miwani. “Thelathini na nane. Labda mzee aliisoma vibaya, macho yake…”

“Kadi inasema thelathini na nane, rimu nyuma imegongwa namba thelathini na nane, na yeye amefunga thelathini na nane. Mwandiko ni wangu. Hesabu ni yangu. Na yale mawili ya kwanza pia.”

“Lakini wewe umesoma, Bi Kadzo.”

“Ndiyo maana kosa limeandikwa kwa mwandiko mzuri.”

Nassor alikuwa wa kwanza kucheka, na sikumtarajia. Bwana Twalib hakucheka. Alikuwa anaisoma kadi tena, akitafuta ndani yake namna yoyote ya mimi kuwa sahihi. Ni jambo linaloudhi sana, mtu kukataa kuamini kwamba umekosea. Ilibidi nibishane naye karibu nusu saa ili nihesabiwe hatia. Mwishowe nilichukua kalamu, nikaandika chini ya kadi kwamba fundi alifunga kama alivyoagizwa na kosa lilikuwa la aliyeagiza, nikatia saini, nikampa. Aliikunja akaitia mfukoni mwa kanzu. Jumamosi ilipita na hakumwita mtu ofisini.

Nassor tulimtafutia rimu nyingine, upana inchi nane na nusu, ofseti arobaini na tano. Zilitoka nje milimita kumi na sita kuliko zile za kiwandani, badala ya ishirini na tisa za kwangu.

“Zitaonekana zimeingia,” alilalamika.

“Zitaonekana.”

Alichuchumaa, akazipima kwa kiganja. “Mke wangu amesema ziingie,” akasema, na hiyo ndiyo hoja ya kiufundi iliyo bora zaidi niliyowahi kuisikia kwa mteja.

Lakini lililonikaa ni la siku ileile ya Ijumaa, watu walipoondoka. Fundi Mbwana alikuwa kwenye bomba, ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

“Si mimi niliyefunga?”

“Na kwa nini uliacha kutia unga? Ungetia kwenye gari la Nassor, ungeona.”

“Nilikuwa nikitia,” akasema. “Ulipoleta ile karatasi yako, nilikuwa nikingoja uende zako kula, natia unga, natazama. Hesabu yako ikaja sawa. Gari la pili, ikaja sawa. Mangapi sijui, yote yakaja sawa. Hata mato yangu, kwa yaliyoona, yakaniambia, huyu mtoto yuwajua. Nikaacha.”

Yale yalikuwa magari ya kawaida, yenye springi za kiwandani, yaliyoinuka juu, yenye nafasi ya kutosha kusamehe ujinga wangu. Wazimu wa kushusha ulikuja baadaye. Nilianza kumweleza hayo, kwa milimita, na nikanyamaza.

“Ungeniambia,” nikasema.

“Takwambia nini? Kwamba nimekuamini?”

Maisha yangu yote nimekasirikia watu wanaokubali tu. Wanaokubali picha, wanaokubali binamu, wanaokubali ndivyo tulivyofundwa. Na pale uani palikuwa na mtu mmoja ambaye swali lake, hata kama hakuweza kulitamka, lilikuwa lina maana kuliko yangu yote, na mimi nilimfanya aliache. Sikumshinda kwa hoja. Nilimpata kwa kuwa sahihi mara nyingi mno.

Nikamwomba kuanzia siku ile anibishie. Nilidhani ni ombi dogo. Tulikubaliana kadi iwe na saini mbili, ya anayepiga hesabu na ya anayebisha, na jeki isiinuliwe mpaka zote mbili zipo. Wallahi, kama wanavyosema Waislamu wa pale uani, sijawahi kujuta hivyo kwa jambo jema. Kwa miaka sita iliyobaki mzee yule alinibishia asubuhi na jioni. Nikisema arobaini, arobaini kwa nini? Springi zikichoka je? Akibeba mawe je? Nimeipimaje, kwa rula ipi, nani alikuwa ameketi ndani? Alinibishia upepo wa tairi jipya. Alinibishia siku ya wiki. Wateja walituuliza kama tunagombana, naye akiwaambia tunapima. Na kati ya kila magari kumi lilikuwapo moja ambalo nililazimika kuikata namba yangu na kuandika nyingine, huku yeye akitazama pembeni kwa adabu ya kuudhi kabisa. Hakuna gari hata moja lililorudi likiwa limekatwa tairi.

Sasa mniachie nimalize malalamiko. Juzi nilipita kumjulia hali. Ameniambia tangu niondoke mnampelekea kadi akiwa anakunywa chai, gari halijafika hata getini, mkamwomba atie saini ili msipoteze wakati, kwa sababu hesabu mnazitoa kwenye simu na simu haikosei. Nilimuuliza kama ametia. Akasema kalamu yake imekauka wino tangu mlipoanza mtindo huo, na haoni dalili ya kupona.

Msimnunulie nyingine. Mpelekeeni gari.